Mabaki ya mgahawa, shimo la choo na moto wa kupikia: nimsikilize fundi au mume?

"Nina mgahawa hapa Mikindani na nyuma yake vyumba sita vya kupangisha, uani tunaishi watu kumi na saba. Kila siku natupa ndoo mbili kubwa za mabaki: ukoko wa wali, ugali, maganda ya muhogo na ya ndizi, machicha ya nazi, vichwa vya samaki. Mkaa unanimaliza, debe zima kwa siku. Shimo la choo nalo hujaa mara kwa mara, na kulinyonya ni gharama. Fundi mmoja ameniambia nilizibe shimo hilo kwa zege, nitoboe bomba la gesi, nimwagie mabaki humo humo, nami nitapika bila mkaa. Anasema msimu wa korosho nikiongeza mabibo gesi itakuwa nyingi kiasi cha kuwasha taa, na nyingine nitajaza kwenye mtungi niuze. Mume wangu hataki kusikia. Anasema chakula kitakuwa najisi na nyumba italipuka. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, nianze na jibu kabla ya maelezo. Gesi ya kupikia unaweza kuipata, na kwa mabaki uliyoyataja inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mkaa wako au kupita hapo kidogo. Lakini itatoka kwenye ndoo zako za jikoni, haitatoka kwa wingi chooni, na shimo ulilonalo usilizibe wala usilitoboe bomba. Mabibo ndiyo yatakayouharibu mtambo wako upesi kuliko kitu kingine chochote alichokutajia fundi. Ama mume wako, hofu yake ya mlipuko ina msingi, ingawa hatari iliyo kubwa zaidi hakuitaja.

Kwanza tuijue gesi yenyewe. Sisi watu wa Mtwara tumeshazoea kusikia habari za gesi asilia. Ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ambayo siku hizi husafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, karibu yote ni methani. Methani hiyo hiyo ndiyo inayowaka katika biogesi, yaani gesi inayotokana na vitu vilivyooza mahali pasipo hewa. Tofauti ni kwamba biogesi si safi: methani ni kati ya asilimia 50 na 70, sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi ambayo haiwaki, kisha kuna mvuke wa maji na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Mita moja ya ujazo ya biogesi nzuri ina nishati ya kilowati-saa 6 hivi, ambayo ni karibu sawa na nusu kilo ya gesi ya mtungi.

Teknolojia yenyewe si ngeni nchini. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ilianza kuijaribu mwaka 1975, baadaye CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, ikaieneza kwa mitambo ya kuba inayojengwa chini ya ardhi, na mwaka 2009 ikaanza programu ya taifa ya biogesi ya majumbani. Mitambo mingi ilijengwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa mikoa ya nyanda za juu, ambako samadi haikosekani. Huku Kusini ng'ombe ni wachache, na nadhani ndiyo sababu wajenzi waliowahi kuuona mtambo ukifanya kazi mwaka mzima hawapatikani kirahisi, ilhali wa kuusimulia wapo kila mtaa.

Sasa tuingie ndani ya tangi, kwa sababu karibu kila kosa alilofanya fundi wako linaanzia hapo. Mabaki hayageuki gesi kwa hatua moja. Kundi la kwanza la bakteria huvunja wanga, protini na mafuta, kisha huvigeuza kuwa tindikali nyepesi za aina ya siki. Kundi hili lina haraka, huzaliana kwa saa chache na huvumilia mazingira mabaya. Kundi la pili ni viumbe wadogo wanaokula mazao ya lile la kwanza na kutoa methani. Hawa huongezeka polepole, kwa siku na si kwa saa, hufa wakikutana na oksijeni, na huacha kazi tindikali ikizidi. Fikiria mgahawa wako saa saba mchana, wanaopakua ni watatu na anayeosha vyombo ni mmoja. Wateja wakija kwa kiasi, kazi inakwenda. Wakija wote kwa pamoja, vyombo vichafu vinarundikana hadi hakuna sahani ya kupakulia. Ndani ya tangi kinachorundikana ni tindikali. Kundi la pili linataka pH, kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali ikizidi, kati ya 6.8 na 7.5 hivi, na ikishuka chini ya 6.5 methani huanza kukatika.

Hapo ndipo mabibo yanapoingia, nami nitakaa hapa kidogo kwa kuwa kila msimu wa korosho wazo hili hurudi. Ni kweli kwamba mabibo huoza chini ya mikorosho kwa wingi unaotia uchungu, na ni kweli pia kwamba yana sukari, ndiyo maana watu huyatengenezea pombe ya uraka. Lakini sukari ndiyo chakula kinachogeuka tindikali upesi kuliko vyote, na bibo lenyewe tayari ni kali na lina ule ukakasi unaokausha ulimi. Ukimwaga ndoo mbili za mabibo katika tangi lililozoea ugali na ukoko, siku ya kwanza na ya pili utafurahi, kwa maana mapovu yatakuwa mengi. Siku ya tatu au ya nne utawasha kiberiti na moto hautashika, kwa kuwa sehemu kubwa ya gesi inayotoka ni kaboni dioksaidi. Ukichota tope utasikia harufu ya siki badala ya harufu ya udongo wa shamba. Watu wengi wakifika hapo hudhani tangi lina njaa, wakaongeza mabibo mengine, na mtambo unakufa. Kama ni lazima uyatumie, yakamue kwanza, utie machicha yake tu, si zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya mabaki ya siku hiyo, na uanze kwa kidogo zaidi ya hapo.

Maganda ya korosho, kwa upande wake, yasiingie kabisa, hata moja. Mafuta meusi ya ganda, yale yanayounguza mikono ya wabanguaji, huzuia hasa viumbe wanaotengeneza methani. Watafiti wa Japani wamewahi kuyaweka katika chakula cha ng'ombe kwa makusudi ya kupunguza methani anayocheua mnyama, na yakafanya kazi. Kinachomfaa ng'ombe wa Japani ndicho kitakachoua mtambo wako.

Kuhusu maji, uko pwani, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Umewahi kupita kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, ukakanyaga tope ukasikia harufu ya yai viza? Ile ndiyo haidrojeni salfaidi. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na wapo bakteria wanaoipenda salfeti hiyo; hao huwanyang'anya watengenezaji wa methani chakula chao, kisha hutoa gesi yenye uvundo, sumu na tabia ya kula vyuma. Kwa hiyo maji ya bahari yasiguse tangi, na kisima chenye ladha ya chumvi usikitegemee. Dawa iliyo rahisi unayo jikoni: maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia sufuria za ugali na wali, kabla hayajatiwa sabuni. Hayo yana wanga wake, na yanakuokolea maji ya kununua.

Tufanye hesabu sasa. Ndoo mbili za lita ishirini, zikiwa na mabaki ya kawaida ya mgahawa, zina uzito wa kilo 25 hivi. Kilo moja ya mabaki mabichi ya chakula hutoa takriban lita 80 hadi 100 za biogesi mtambo ukiwa na afya. Kwa hiyo matarajio ya kweli ni mita 2 za ujazo kwa siku, au zaidi kidogo siku zikiwa nzuri. Jiko la biogesi la kichwa kimoja hutumia kama lita 350 kwa saa, na hiyo ni kusema utawasha kichwa kimoja kwa saa tano au sita, ama vichwa viwili kwa nusu ya muda huo. Ukilinganisha na mkaa, ambao sehemu kubwa ya joto lake hupotea pembeni ya sufuria, mita hizo 2 zinafanya kazi ya kilo 3 hivi za mkaa. Debe lako, kutegemea na mti uliochomwa, lina kilo tano au kuzidi. Hiyo ndiyo nusu niliyoitaja mwanzoni. Maharage na supu ya kwato huenda ukaendelea kuviweka kwenye mkaa, au uviroweke na kuvichemsha usiku gesi ikiwa imejaa.

Na choo je? Mtu mzima mmoja kwa siku hutoa kinyesi cha kutengeneza lita 20 hadi 30 za biogesi. Watu wenu kumi na saba wote pamoja watakupa lita 400, yaani moto wa saa moja kwa kichwa kimoja. Chai ya asubuhi, basi. Kinyesi cha binadamu kimeshanyonywa sehemu kubwa ya nguvu yake na mwili, na mkojo unaoambatana nacho huleta naitrojeni nyingi inayogeuka amonia. Kisha kuna maji. Kila anayeingia chooni humwaga lita kadhaa, na maji hayana gesi yoyote ndani yake. Yanachofanya ni kulijaza tangi na kulisukuma tope nje kabla halijamaliza kuoza. Kulihifadhi tope la choo siku 60, kama inavyotakiwa walau kupunguza vimelea, kungekudai tangi la zaidi ya mita 8 za ujazo kwa ajili ya gesi ya saa moja. Tangi la mabaki ya chakula peke yake linatosha kuwa la mita 6, pamoja na nafasi ya gesi.

Usinielewe kwamba choo hakifai popote. Magereza kadhaa ya Rwanda yalijengewa mitambo mikubwa ya kinyesi cha wafungwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuni za jikoni zikapungua kwa kiwango kikubwa. Kibera, Nairobi, kuna vyoo vya umma vilivyojengwa na Umande Trust ambavyo gesi yake hupikiwa jengo hilo hilo. Huko watu ni mamia au maelfu, na lengo la kwanza lilikuwa usafi, gesi ikawa faida ya ziada. Shule ya bweni ya hapa Mtwara ingekuwa na hesabu tofauti na yako.

Shimo lako la sasa lina kasoro nyingine ambayo hesabu haiiondoi. Limejengwa ili maji yanyonywe na ardhi, maana yake kuta zake zina matundu, nayo gesi hupita palipopita maji. Mfuniko wa zege wa kawaida pia hauzuii gesi. Kuba la biogesi hupigwa lipu tabaka kwa tabaka na kujaribiwa kabla ya kutumika. Kwa hiyo ukiliziba utapata gesi kidogo, isiyo na msukumo, inayojipenyeza kwenye udongo na pengine kutokea chini ya sakafu ya mpangaji wako. Hapo ndipo mume wako anapokuwa sahihi. Methani hulipuka ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15, na chumba kilichofungwa madirisha usiku ndicho mahali pa kupata mchanganyiko huo.

Katika mtambo uliojengwa sawasawa hali ni nyingine. Ndani ya tangi hamna hewa, kwa hiyo hakuna cha kulipuka humo, na msukumo wake ni mdogo sana: wa kuinua maji kiasi cha mita moja katika mpira, ilhali mtungi wa gesi ya kununua una msukumo zaidi ya mara hamsini ya huo. Mwambie fundi akufungie ukutani mpira wa kuonea, uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji yenye rangi, nawe utakuwa unaona kwa jicho gesi iliyopo kabla hujawasha. Viungo vyote vya bomba vipakwe povu la sabuni, na palipo na mapovu yanayovimba panavuja. Bomba liwe la plastiki, lipande kwa mteremko kuelekea jikoni na liwe na kilango cha kutolea maji mahali pa chini kabisa, maana mvuke hugeuka maji na kuziba njia. Watu wengi huita fundi kwa tatizo ambalo dawa yake ni kufungua kilango hicho. Jiko liwe mahali penye upepo unaopita juu, kwa kuwa methani ni nyepesi na hukimbilia darini.

Hatari ambayo mume wako hakuitaja ni ya mtu kuingia tangini au shimoni. Haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hunuka, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kuisikia, na mtu huanguka akidhani hewa ni safi. Wa pili hushuka kumwokoa wa kwanza, naye huanguka. Mtambo wa mabaki ya chakula unaoendeshwa vizuri hukaa miaka bila kufunguliwa, na ikilazimu kufunguliwa, asiingie mtu wa nyumbani, asiingie kijana wa kibarua wa kuokota mtaani, hata kama tope limeshatolewa lote. Kazi hiyo ni ya wenye vifaa vya kupumulia. Likitokea la kutokea, paza sauti, ita Zimamoto kwa namba 114, wala usishuke.

Kuhusu najisi, upande wa dini nauacha kwa masheikh, ambao ndio wenye kulitolea hukumu. La kitaalamu ninaloweza kumpa mume wako aende nalo ni hili: kinachofika jikoni ni hewa, tope halipandi bombani, na methani ikiungua hugeuka kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, nje ya sufuria. Lakini tazama kwamba ukijenga tangi la mabaki ya chakula peke yake, bila kuunganisha choo, swali lenyewe linaondoka mezani, na wateja wako pia hawatakuwa na la kunong'ona. Kwa mwenye mgahawa hilo si dogo.

Taa na mtungi nitazipita haraka. Mita 2 za ujazo zikichomwa katika jenereta ndogo zitakupa kilowati-saa 3 hivi za umeme, kisha huna tena gesi ya kupikia. Umeme wa TANESCO au paneli ya jua vitakuhudumia kwa bei nafuu zaidi. Umeme wa biogesi unafaa zaidi kwenye viwanda, kama mtambo wa mabaki ya mkonge uliojengwa Hale, Tanga. Na methani haijazwi mtungini nyumbani. Gesi ya mitungi tunayonunua ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika zikishindiliwa kidogo. Methani haigeuki kimiminika kwa kushindiliwa mpaka ipoozwe chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri. Anayekuambia utajaza mtungi kwa pampu ya gurudumu anakutafutia kifo.

Ninachokushauri, basi, ni tangi moja la mita 6 za ujazo, kwa mabaki ya jikoni tu. Kuba la matofali lililopigwa lipu vizuri ndilo linalodumu, ila linataka mjenzi hodari na ardhi kavu. Mikindani iko karibu sana na bahari, na maeneo mengine ukichimba mita mbili unakuta maji. Hapo tangi la plastiki lililozikwa linaweza kuelea na kupasua mabomba likiwa halijajaa, na kuba likipata ufa huingiza maji ya chumvi. Chimba kwanza kishimo cha majaribio kipindi cha masika, kati ya Januari na Aprili, ukiangalie asubuhi. Maji yakionekana, tafuta kiwanja cha juu zaidi au uchague mfuko wa plastiki nzito unaolazwa kwenye mtaro usio na kina, ambao ni rahisi lakini hauna maisha marefu juani na huchokozwa na kuku, mbuzi na watoto. Vyovyote itakavyokuwa, kaa mbali na kisima. Mita 30 ni kipimo kizuri.

Hali ya hewa inakupendelea. Viumbe hawa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na ingawa ardhi yetu haifiki hapo, haipoi kama ya Njombe au Makete, ambako mtambo hulala miezi ya kipupwe. Huku Julai utaona gesi imepungua kidogo, basi.

Kuanza kunahitaji mbegu. Nenda machinjioni ukaombe uchafu wa tumbo la ng'ombe ukiwa bado mbichi, kwa maana humo ndimo walimojaa watengenezaji wa methani, na ujaze walau theluthi ya tangi pamoja na maji yasiyo na chumvi. Funga, usitie chakula, usubiri wiki mbili au tatu. Gesi ya mwanzo haitawaka. Iachie nje, mbali na moto, hadi utakapopata mwali wa buluu unaotulia juu ya jiko. Ndipo uanze na kilo 3 au 4 za mabaki kwa siku, ukiongeza kila wiki, mpaka ufike ndoo zako mbili baada ya miezi miwili hivi. Najua uvumilivu huo ni mgumu mtu akiwa ameshalipa pesa, na mitambo mingi huuawa katika wiki hizo za mwanzo na wenyewe kwa pupa.

Mabaki yasagwe au yakatwe madogo, yachanganywe na maji kiasi sawa. Mifupa, makaka ya kamba, maganda ya mayai, vijiti vya meno na mifuko vitolewe. Mchanga wa dagaa usuuzwe kwanza, la sivyo utajaa chini. Vichwa vya samaki ni vizuri ila visizidi, kwa sababu protini nyingi huleta amonia na uvundo; machicha ya nazi yawe ya kiasi, kwani nyuzi zake huelea na kufanya utando mgumu juu. Maganda ya ndimu na machungwa hayafai. Maganda ya muhogo mchungu yaanike juani siku mbili yapunguze sumu. Sabuni, Jik na dawa za kusafishia choo zisikaribie tangi. Mwali ukianza kuwa wa manjano na dhaifu, acha kulisha siku kadhaa, tia ndoo ya samadi, na tope likinuka siki ongeza maji ya majivu kidogo kidogo.

Liko jambo ambalo fundi wako hakuligusa kabisa, nalo ndilo linalowagombanisha watu na majirani. Kinachoingia lazima kitoke. Kila siku lita 50 hivi za tope zitatoka upande wa pili, kwa kuwa gesi haibebi maji wala mbolea. Tope la mabaki ya chakula ni mbolea nzuri kwa migomba, minazi na mipapai, na halina mashaka makubwa. Lakini kama uani pako pamejengwa pote, ujue kabla ya kuchimba ni shamba la nani litakalolipokea. Ungeunganisha choo, tope hilo hilo lingekuwa na mayai ya minyoo, ambayo joto la tangi kama hili haliyaui yote na ambayo huishi udongoni miezi mingi. Lisingefaa kwenye nyanya wala mboga za kachumbari.

Kabla ya kutoa fedha, linganisha pia na njia nyingine. TPDC, shirika la taifa la petroli, imeshaunganisha gesi asilia kwenye baadhi ya nyumba za Mtwara mjini. Uliza kama bomba lina mpango wa kufika kwenu, maana mwenye bomba mlangoni hana haja ya kuchimba. Mtungi wa gesi una gharama ya kila mwezi lakini hauna tope, haulishwi, na haugomi. Biogesi inamfaa mwenye mabaki ya kila siku, nafasi ya kumwaga tope, na mtu mmoja nyumbani atakayelisha tangi hata siku ya Idi. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, mimi ningekushauri ununue mtungi, na mabaki umpe jirani mwenye kuku na mbuzi.

Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaamua kwa maandishi. Kiwanja kionwe na mjenzi aliyewahi kujenga kuba, ambaye ofisi ya SIDO mkoa au CAMARTEC inaweza kukuelekeza kwake, na umwombe akupeleke kwenye mtambo wake wa zamani unaowaka, uongee na mwenye mtambo huo, mjenzi akiwa hayupo. Bwana afya wa kata aambiwe mapema, kwa sababu mgahawa wako unakaguliwa. Na shimo la choo linalojaa mara kwa mara ni ugonjwa wake peke yake: huenda maji ya ardhini yanaingia, huenda tope limeziba kuta. Ongea na MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, au mjenzi wa vyoo kuhusu chemba mbili, ya kutuamisha na ya kunyonya, bila kulichanganya jambo hilo na moto wa jikoni.

Katika mapatano na mjenzi, andika kwamba sehemu ya malipo itabaki mkononi mwako hadi tangi lijazwe maji na kukaa usiku kucha bila kushuka, kisha kuba lijazwe hewa na maji ya mpira wa ukutani yasimame mahali pake kutwa nzima. Fundi anayejua kazi yake hatakataa.